Miezi Kumi na Minne ya Kuchagua Mashine ya Kahawa

Bigwa, Morogoro
Jumapili, 8 Juni 2025
Kumb. Na. KM/NYUMBANI/1/2025

Mzee Severini Mloka,
Mkuu wa Lukolo,
Mgeta.
(Kwa mkono wa dereva wa lori la kabichi)

Mjomba wangu mheshimiwa, shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUME WANGU STEPHANO KUHUSU MASHINE YA ESPRESO AMBAYO MPAKA LEO HATUNAYO

Mjomba, nimefanya kazi masjala kwa miaka ishirini na saba. Malalamiko ya watu yamepita mikononi mwangu mengi kuliko mikungu ya ndizi uliyokata maishani mwako. Ya viwanja, ya likizo, ya kupandishwa daraja, hata ya mbuzi aliyekula daftari la mahudhurio. Yote niliyapiga muhuri, nikayapa namba, nikayaweka kwenye majalada yake. La kwangu sikuwahi kuandika. Leo nimetoka misa, nimevua viatu, nimekaa mezani, nami naandika.

Nakuandikia wewe kwa sababu sisi Waluguru tunajua mwanamke akielemewa nyumbani mwake anaanzia wapi. Haanzii polisi, wala kwa paroko. Anaanzia kwa mjomba wake. Ukoo wetu, lukolo letu, ndio ulionitoa, na wewe ndiye uliyesimama mlangoni ukasema nichukuliwe. Kwa hiyo kwa heshima kubwa nasema sehemu ya kosa hili ni lako.

Ili kikao kisije kikakwama katikati, nieleze kwanza espreso ni nini. Ni kahawa hii hii unayoijua, ila maji ya moto husukumwa kwa nguvu kupita kwenye unga ulioshindiliwa, kikatoka kinywaji cheusi, kizito, chenye povu la rangi ya asali. Kinachotoka ni kidogo sana. Ukimpa mgonjwa atadhani ni dawa ya kikohozi, atauliza ni mara ngapi kwa siku. Kwa kiasi hicho, Mjomba, nyumba yangu imevurugika.

Chanzo ni safari. Mwaka jana mwezi wa pili, chuo kilimpeleka Stephano Italia kwa wiki sita kujifunza umwagiliaji wa matone. Unajua yeye ni mhadhiri wa mambo ya maji mashambani, na nilifurahi kama ambavyo mke yeyote angefurahi. Wenzake walirudi na viatu. Yeye alirudi na hamu. Asubuhi ya kwanza nilimwekea chai ya tangawizi, ile ile aliyoinywa miaka yote na kuisifia mbele ya wageni. Akapiga funda moja, akakiangalia kikombe kama anavyoangalia karatasi ya mwanafunzi aliyefeli, akasema:

"Nzuri, Kristina. Ila haina mwili."

Nilimwuliza chai inataka mwili wa nini. Akasema kinywaji cha maana huwa na mwili, ukikinywa unausikia ulimini. Mjomba, nina miaka hamsini na mitatu, mwili ninao, tena wa kutosha, na hakuna aliyewahi kuusifia kwa sauti ile. Siku hiyo hiyo akatangaza kwamba tutanunua mashine ya espreso ya nyumbani, na kwamba itabidi tuchague vizuri. Nikasema sawa. Laiti ningejua neno "tuchague" lina urefu gani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. MUDA

Mwaka 1997 Stephano aliniona kwaya ya Pasaka. Wiki ya tatu mshenga alikuwa sebuleni kwako. Ulimwuliza Stephano maswali matatu tu: unakunywa? Unalima? Una hasira? Akajibu kidogo, ndiyo, hapana, ukamwambia Mkazamjomba alete wali. Mke wa maisha yote alipatikana kabla wali haujapoa.

Mashine ya kahawa, ambayo wauzaji wenyewe wanasema ikitunzwa vizuri itafika miaka saba, ina miezi kumi na minne inachaguliwa. Kuna za kusukuma kwa mkono, kuna za pampu, kuna zinazosaga buni zenyewe, kuna za kutumbukiza vidonge. Hizo za vidonge hataki hata kuzisikia, anasema ni kama kuoa kwa picha. Zilizobaki amezipanga kwenye kompyuta katika jedwali. Mashine ziko ishirini na sita na vigezo thelathini na moja: uzito, kelele, muda wa kupata moto, vipuri vinapatikana Dar au mpaka viagizwe, na kadhalika mpaka macho yanauma.

Siku moja aliacha kompyuta wazi akaenda kuoga. Nikasoma, kwa sababu kusoma mafaili ndiyo kazi yangu. Kigezo cha thelathini kilikuwa na jina langu. Kimeandikwa: "Je, Kristina ataweza kuitumia?" Na mbele ya mashine zote ishirini na sita ameandika neno moja: "Labda."

Labda, Mjomba. Mimi! Mimi ninayejua bila kuinuka kwenye kiti jalada la mtu aliyestaafu mwaka 2003 liko rafu ya ngapi. Alipotoka bafuni nikamwuliza, "Stephano, hii labda ni ya nini?" Akajifuta masikio polepole, akajibu, "Ni tahadhari ya kitaalamu."

2. BAA TISA

Hili limeingia kwenye jina la familia, kwa hiyo naomba ulisikilize ukiwa umekaa.

Mashine hizi hupimwa kwa nguvu ya kusukuma maji, na kipimo chenyewe kinaitwa baa. Stephano anaamini kipimo sahihi ni tisa. Jioni moja alikuwa uani anaongea na simu kwa ile sauti yake ya darasani: "Mimi chini ya baa tisa siwezi! Hao wa kumi na tano wanadanganya watu. Tisa, na ziwe tisa za kweli, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

Upande wa pili wa ua alikuwepo jirani yetu Mwanahawa, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwema asiyependa makuu, akianua nguo zake. Kesho yake alikuja na sahani ya vitumbua imefunikwa kitambaa, akakaa, akanishika mkono.

"Dada Kristina, umbea mimi sipendi, unanijua. Lakini baa tisa kwa siku moja? Huyu mtu anarudije nyumbani?"

Nilicheka mpaka nikalia, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu Mwanahawa aliyaona machozi tu. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima na kuingia kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Jumamosi walikuja watu kumi na wanne na rozari, na mbele yao wamemtanguliza bwana mmoja aliyeacha pombe mwaka juzi, aje atoe ushuhuda. Aliutoa wote, Mjomba. Alianza na gongo ya kwanza aliyokunywa akiwa kidato cha pili.

Stephano alitoka chumbani na kalamu sikioni, akasikiliza kidogo, akaelewa kilichotokea. Badala ya kusema neno "kahawa", ambalo lingetosha, akajitetea kitaalamu. "Jamani, mmenielewa vibaya. Ile ni presha tu. Presha!"

Mama mmoja akasema taratibu, "Maskini, kumbe na presha anayo." Wakaanza upya, mafumbo matano mengine, kwa ajili ya presha. Mpaka leo nikienda sokoni kuna wanaoniuliza kama baba anapunguza chumvi.

3. MAJI

Utakumbuka Jumatatu ya Pasaka Stephano alikuja huko kwako peke yake, ukafurahi ukaniambia kwa simu, "Mkwe amekuja kunisalimia." Hakuja kukusalimia. Alikuja kuteka maji ya chemchemi iliyo chini ya shamba lako.

Alisoma mahali kwamba maji yenye chokaa huua mashine mapema. Basi kabla mashine haijazaliwa akaanza kuzuia kifo chake. Alichota maji Mlali, akachota Mzinga, akapanda gari mpaka Ngerengere akarudi na chupa mbili, akachota ya bomba letu asubuhi na ya bomba letu mchana, eti yanatofautiana. Yote yaliingia kwenye friji langu, kila chupa na kibandiko chake. Nyama ilihamia kwa Mwanahawa.

Wiki hiyo Baba Paroko alipita kubariki nyumba, jua limemchoma. Mimi nilikuwa nabadilisha nguo, Stephano akamkaribisha maji. Nilipotoka nikamkuta paroko amemaliza bilauri nzima na mume wangu amekaa mbele yake na daftari, ameegemea kama daktari.

"Baba, umeyaonaje? Yana uzito wowote?"

Paroko ni mtu wa busara. Alifikiri kidogo, akasema yamemkumbusha maji ya ubatizo. Nilikwenda jikoni kuangalia chupa iliyopungua. Ilikuwa Ngerengere, ya mtoni, haijachemshwa. Paroko hakupatwa na lolote, nasema hivyo kwa shukrani, ingawa niliacha kulala vizuri mpaka nilipomwona altareni Jumapili. Lakini kwenye jedwali la Stephano mpaka sasa imeandikwa: "Ngerengere. Maoni: ubatizo."

4. ZAWADI

Hili ni fupi. Mwezi wa tisa tulitimiza miaka ishirini na saba ya ndoa. Stephano alileta kiboksi kimefungwa kwa karatasi ya maua. Nilisuka nywele siku hiyo, Mjomba. Nikafungua. Ndani mlikuwa na kitu cha chuma cha duara chenye mpini wa mbao, kama muhuri wa ofisini usio na maandishi. Ni cha kushindilia unga wa kahawa kabla ya kuweka kwenye mashine.

"Ni chetu sote," akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli.

Nikasema asante. Kisha nikaenda stoo kutafuta mchele, nikakaa kule kwa muda mrefu kuliko mchele unavyohitaji.

5. MASHINE YA MAJARIBIO

Mjini karibu na soko kuna mama mmoja, Shamimu, mwenye duka la vyombo vya umeme, vipya na vilivyotumika. Alimvumilia Stephano miezi tisa. Mwishowe, nadhani ili apumzike, akamwambia, "Mzee, chukua hii wiki moja ukaijaribu. Ukiipenda tutaongea. Usipoipenda, tutaongea pia, lakini kwa kifupi."

Ilikuja juu ya bajaji imefungwa kamba. Ukubwa wake ni kama mtoto wa darasa la pili aliyekula vizuri. Kuiwasha ni sharti tuzime friji, pasi, televisheni na feni, la sivyo swichi kubwa inashuka na nyumba nzima inatulia. Siku tatu nilikwenda kazini na nguo isiyopigwa pasi. Mkuu wangu wa idara aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Nikamjibu amani ipo, umeme ndio haupo.

Siku ya nne kwaya yetu ilikuwa na sherehe ya miaka ishirini na mitano. Tulishona sare nyeupe, pe! Nilikuwa nimeshaivaa, napita jikoni kuchukua ufunguo. Stephano alikuwa amesaga buni laini mno, laini kama unga wa uji wa mtoto, akaushindilia kwa ile zawadi yetu sote. Maji yakakosa pa kupita. Mashine ikanguruma, ikatetemeka, ikanyamaza. Yeye akasema, "Subiri," akashika mkono wa chuma unaobeba unga ili aufungue.

Mjomba, kitu kikalipuka! Unga wa moto uliruka ukafika darini. Mwingine ulinikuta kuanzia begani mpaka kiunoni. Hakuna aliyeungua, Mungu mkubwa, ila nilisimama pale kama kuku wa madoadoa. Nilimwangalia mume wangu nikisubiri aseme pole. Alikuwa anaangalia dari.

"Unga ulikuwa laini mno," akasema.

Nikaenda kuimba hivyo hivyo, mstari wa mbele, kwa sababu sauti ya pili ni mimi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya misa mama wawili walinifuata kuniuliza ni fundi gani aliyenitilia yale maua.

6. KAHAWA YAKO

Nimeiacha hii mwisho kwa makusudi. Kama umekuwa ukitabasamu mpaka hapa, naomba sasa uache.

Lile gunia dogo la buni ulilotupa wakati wa mavuno, buni za mibuni iliyopandwa na babu kwa mikono yake, ambazo ndizo zilizomsomesha mama yangu na wewe mwenyewe, Stephano alizikaanga kwenye sufuria yangu ya maharage. Moshi uliwatoa watu nje nyumba ya tatu. Akasaga, akapima kwa mizani, akakorogea kwenye kibirika chake kidogo, akanusa, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka asifie. Nakwambia ukweli, nilitaka sana asifie.

Akasema, "Kahawa ya Mjomba ina kitu. Ina chungwa. Ina asali kwa mbali. Lakini ameianika juu ya bati. Nasikia bati."

Bati, Mjomba! Mtu aliyekula wali wako anasikia bati. Nikamwambia hiyo ni kahawa ya ukoo, haisikiwi bati, inasikiwa heshima. Akasema heshima haina uhusiano na namna ya kuanika, na kwamba ungeianika kwenye chanja, juu kidogo ya ardhi, ingekuwa kahawa ya kumpigisha mtu magoti. Anataka kuja kukufundisha. Wewe, uliyeanza kuanika kahawa yeye akiwa bado hajaota meno! Sijamruhusu. Nimemwambia kwanza achague mashine.

Kutokana na maelezo hayo, naomba yafuatayo:

(a) Uitishe kikao cha lukolo mapema iwezekanavyo na Stephano aitwe kwa barua. Naambatanisha mfano wa barua, nafasi ya tarehe nimeiacha wazi.

(b) Apewe saa moja ya kuchagua, yaani muda ule ule aliopewa kwangu, na wali uwe unapikwa ili ajue saa inakwenda.

(c) Akishindwa, ukoo utamke rasmi kwamba ni marufuku yeye kugusa, kunusa, kukaanga wala kutaja kahawa katika nyumba yoyote yenye binti wa lukolo letu.

(d) Kwa kuwa marufuku bila utekelezaji ni karatasi tu, mibuni yote ya shamba la chini ing'olewe na pahali pake ipandwe kabichi. Najua ni ya babu. Nimelifikiria hilo. Babu mwenyewe, kama ninavyokumbuka, alikuwa anakunywa chai.

(e) Ikiwa (a) mpaka (d) hazitawezekana kwa sababu za msimu, nipewe ile nyumba ndogo iliyo jirani na jiko la Mkazamjomba, niishi humo na blanketi langu mpaka mashine itakapochaguliwa. Ninakaribia kustaafu. Naweza kusubiri hata miaka kumi, na kwa mwendo ninaouona huenda itahitajika.

Nimalizie kwa kusema sina chuki. Stephano hanipigi, hanitukani, mshahara anauleta. Wanawake wengine wana makubwa. Lakini hayo makubwa yana majina, yanajulikana, na mtu akilia huulizwa ni lipi. La kwangu nikilieleza watu wanacheka, kisha wananiuliza kama mashine yenyewe inaweza kutengeneza na chai.

Msalimie Mkazamjomba, mwambie zile mbegu za njegere nimezipata. Wasalimie wajukuu wote kwa majina yao, nisije nikamsahau mmoja nikaambiwa nina upendeleo. Salamu kwa katekista na mke wake, kwa wenye vibanda vya mbogamboga, na kwa dereva anayekuletea barua hii, mpe hata mhogo maana hataki kulipwa.

Wako mpwa, anayengoja uinue fimbo,

Kristina Mkude (Bi.)
Mtunza Kumbukumbu Mkuu

Nakala: Jalada

N.B. Alhamisi, 12 Juni, jioni

Mjomba, lori halikuja Jumatatu kama lilivyoahidi. Njia ilikatika kwa mawe, sasa linapanda kesho alfajiri. Katikati hapa yametokea mambo, na kwa sababu barua ikishapewa namba ya kumbukumbu sisi hatuichani, naituma kama ilivyo na kuongeza haya.

Jumatatu jioni Stephano aliifunga kompyuta yake, akaisukuma kando, akasema, "Kristina, nimekuchosha. Nimeacha. Tunywe chai." Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ameona tu jinsi ninavyomwangalia siku hizi. Nikainua mikono juu nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jumanne asubuhi nikaweka chai. Akanywa. Akasema, "Nzuri." Nikangoja. Hakuongeza neno. Nilisikia saa ya ukutani, na sikumbuki mara ya mwisho kuisikia ile saa. Akamaliza, akaosha kikombe chake, akaondoka. Jumatano vile vile. Jioni akakaa akatengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imeharibika.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikukiandika huko juu, kwa sababu nilikuwa sikijui. Toka watoto waondoke, kabla ya Italia, tulikuwa tunaishi hivyo hivyo. Miaka mitatu. Chumvi iko wapi, iko pale. Umefunga geti, nimefunga. Hatukugombana hata siku moja, na wala hatukuwa na cha kugombania. Halafu yakaja hayo mambo yake, na kila asubuhi ikawa "Kristina, njoo uone hii," nami nakwenda nikiwa na hasira, naona, nabisha, nachelewa kazini. Miezi kumi na minne, Mjomba, mume wangu alikuwa ananiita.

Leo saa nne, muda wa chai ofisini, nilichukua kanga yangu nikaenda kwa Shamimu. Nilizunguka rafu mara moja nikaonyesha kwa kidole. Ni nyekundu. Sijui ina nini ndani.

Shamimu akaniuliza, "Mama, mzee ameikubali hii?"

Nikamwambia, "Mzee kazi yake kuchagua. Mimi nimekuja kununua."

Nikaileta nikaiweka mezani, nikakaa. Stephano aliingia saa kumi na moja, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Akaizunguka. Akaigonga pembeni kwa kucha. Akainama akasoma maandishi ya chini, yale madogo. Kisha akavuta kiti, na uso wake, Mjomba, ulikuwa ule ule wa kwaya ya Pasaka.

"Kristina," akasema, "hii mashine ina makosa kumi na saba."

Kwa hiyo usiitishe kikao. Mibuni usiiguse, na tukijaliwa tutapanda kuja huko Jumamosi ya wiki ijayo, wote wawili, yeye na mbao zake za chanja. Ukimwona anaanza kukufundisha, msikilize kidogo, kwa ajili yangu.

Sasa hivi amefika kosa la sita, na ananiita nikalione. Naenda.